Tabibu wa Allahabad Aliyeanza kwa Kuwauliza Wanawake



Kila ninapoalikwa harusini hupenda kupita chumbani kwa biarusi kabla ya kwenda ukumbini. Nawatazama waliomzunguka. Yupo somo wake, yupo wa hina, yupo wa kumsinga kwa liwa na msio, yupo wa kufukiza udi, na mashoga wanaopiga picha. Watu wanane wanaushughulikia mwili wa msichana mmoja, na mara chache sana nimemsikia mmoja wao akimuuliza: hedhi yako inakuuma? Inakuja kwa siku zake? Ushawahi kuonwa na daktari? Mimi mwenyewe sikuulizwa. Niliingia kwenye ndoa na maumivu ya tumbo niliyokuwa nayo tangu skuli, na jibu pekee nililopewa ni kwamba yataondoka nikizaa. Nilizaa, na hayakuondoka.

Kwa hiyo niliposoma habari za tabibu mmoja wa Kihindi aliyeigeuza kazi ya kuuliza ikawa nusu ya tiba yake, nilikaa nazo siku nyingi. Jina lake ni Yashoda Devi. Alikuwa Mhindu, tena Mhindu wa kupigania dini yake, na mambo mengine aliyoyaandika sitayakubali. Lakini wanawake aliowatibu waliishi katika sitara na haya ambazo tunazijua sisi, na shida zao ni zile zile zinazonong'onwa hapa kwetu nyuma ya pazia.

Yashoda Devi alizaliwa mwaka 1890 kaskazini mwa India. Baba yake alikuwa tabibu wa Ayurveda, na alimfundisha binti yake kazi ile, jambo lisilokuwa la kawaida, maana utabibu huo ulikuwa wa wanaume karibu wote. Aliolewa kijana, akaishi na mumewe Allahabad, mji uliopo pale mito ya Ganges na Jamuna inapokutana, ambao siku hizi unaitwa Prayagraj. Mnamo mwaka 1908, akiwa hata miaka ishirini hajaifikisha, alifungua pahala alipopaita Stri Aushadhalaya, yaani nyumba ya dawa ya wanawake.

Kwa asiyeijua Ayurveda, neno lenyewe lina maana ya elimu ya uhai. Tabibu wake anaamini mwili unaendeshwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, ambazo tukizisogeza karibu na maneno yetu ni upepo, nyongo na balghamu. Zikiwa sawa mtu ni mzima, moja ikizidi mtu anaumwa. Ambaye amewasikia wazee wetu wakisema chakula hiki cha moto, kile cha baridi, mzazi asile hiki kitamtia upepo tumboni, hatapata tabu kuelewa. Tiba ya Kiyunani, ambayo Waislamu waliichukua kwa Wagiriki na kuikuza, ni kama binamu yake.

Sasa tazama hali ya wanawake wa India wakati ule. Wa nyumba zenye heshima, Wahindu kwa Waislamu, walikaa utawani. Mgonjwa akizidiwa akaitwa hakimu, mara nyingi alitoa mkono tu nje ya pazia apimwe mapigo. Ndugu wa kiume ndiye aliyesimama katikati akieleza maradhi ya dada yake, na kuna kaka gani atakayesema kwamba dada ana majimaji ukeni yanayonuka? Waingereza waliliona pengo hilo. Mwaka 1885 Lady Dufferin, mke wa mtawala mkuu wa Kiingereza, alianzisha mfuko wa kuleta madaktari wanawake na kujenga hospitali za wanawake zenye sitara. Ulikuwa msaada wa kweli, lakini hospitali zilikuwa chache, miji ilikuwa mbali, na wengi hawakuwa na imani na dawa ya mgeni.

Yashoda Devi aliingia hapo katikati. Alizungumza lugha yao, aliwapa dawa za mizizi na viungo walivyovijua, na alikuwa mwanamke. Waliokuwa karibu walikwenda kukaa naye na kumweleza wenyewe, bila ya kaka wala mume kusimama mlangoni. Waliokuwa mbali walimwandikia barua. Hili la barua ndilo lililonivutia kuliko yote, maana mwanamke asiyeruhusiwa kuvuka kizingiti aliweza kukitoa kilio chake nje kwa posta. Waliandika kuhusu hedhi inayokata na inayofurika, mimba zinazotoka, miaka ya ndoa bila ya mtoto, na uchungu wa kitandani ambao hawakuwa wamemtajia mtu. Tabibu alijibu, na baadhi ya barua alizitia katika vitabu vyake ili wengine wenye shida ile wasidhani wako peke yao.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vingi, zaidi ya hamsini, kwa Kihindi chepesi ambacho mwanamke aliyesoma kidogo tu angeweza kukifuata. Alikuwa na mtambo wake wa kuchapisha na alitoa magazeti ya wanawake. Aliandika kuhusu mwili wa mwanamke ulivyo, kuhusu maisha ya mke na mume, na kitabu kinene cha mapishi, kwa sababu kwake jiko lilikuwa duka la kwanza la dawa. Alikuwa na jicho la biashara pia, tusimfiche. Vitabu vilitangaza dawa zake, na dawa zilitengenezwa kwake. Msomaji wa leo anayeona mtu akimwelezea ugonjwa huku akimuuzia chupa ana haki ya kuinua nyusi.

Lakini sikiliza alichokiona baada ya kusoma barua zile zote. Miaka hiyo magazeti ya Kihindi yalijaa matangazo ya matabibu wa kiume wakiuza dawa za nguvu za kiume. (Ukipita mjini kwetu leo ukasoma vibao vilivyopigiliwa misumari mitini utasema ni matangazo yale yale yamevuka bahari.) Yashoda Devi alielekea upande wa pili. Aliandika kwamba maradhi mengi ya wake yanatokana na waume: pupa isiyo kiasi, kumwendea mke akiwa mgonjwa au amechoka, na kumlazimisha. Hilo la kulazimisha alilisema waziwazi, kwa karipio, wakati ambao sheria haikumjua kabisa mke aliyeingiliwa kwa nguvu na mumewe akiwa mtu mzima. Hakuhitaji nadharia. Alikuwa na barua.

Tiba yake basi haikuishia kwenye chupa. Alimtaka mume naye asome, ajizuie, ajue siku za mkewe na hali yake. Alichokosea kwa maoni yangu ni pale alipokwenda mbali hadi akalihesabu tendo la ndoa kuwa ni la kutafutia mtoto tu, na raha kuwa upotevu wa nguvu. Sisi tumefundishwa na Mtume wetu (s.a.w.) kwamba mume na mke wana ujira katika hilo pia. Na pia alimtwika mke mzigo mzito wa wajibu wa nyumbani ambao biarusi wa leo angeutupa dirishani. Alikuwa mtu wa zama zake.

Waislamu wa India nao hawakulala. Mwaka 1909 kule Delhi, Hakim Ajmal Khan, bingwa wa tiba ya Kiyunani, alifungua skuli ya tiba ya wanawake, ambako wakunga walifundishwa kazi yao kwa elimu badala ya kubahatisha. Baadaye alijenga chuo kilichofundisha Ayurveda na Kiyunani chini ya paa moja, na aliyekuja kukifungua mwaka 1921 ni Gandhi. Miaka ya mwanzo ya karne hiyo hiyo Maulana Ashraf Ali Thanvi aliandika Bihishti Zewar, Pambo la Peponi, kitabu cha dini kwa wanawake ambacho katika nyumba nyingi za Waislamu wa India kilikuwa zawadi ya biarusi. Wengi wanakijua kwa fiqhi yake. Wachache wanakumbuka kwamba sehemu ya tisa yote ni ya afya na dawa, ikiwemo ya maradhi ya wanawake. Yaani biarusi alipewa msahafu, na pamoja nao alipewa kitabu kinachomweleza tohara yake na tumbo lake la uzazi. Napenda sana wazo hilo kuliko seti ya vikombe.

Elimu aliyorithi Yashoda Devi kwa baba yake ilikuwa na mizizi ya zamani sana. Vitabu viwili vikubwa vya Ayurveda, cha Charaka na cha Sushruta, vilikusanywa kwa karne nyingi, na matabibu wa Kihindi walikuwa wakivitumia kabla ya kuzaliwa Mtume. Nilipoifikia sehemu ya Charaka ya mimba na uzazi nilikuwa nacheka peke yangu, maana nilimsikia bibi yangu.

Charaka anataka mjamzito atendewe kama chombo kilichojaa mafuta hadi ukingoni: anayekibeba asikitikise. Anampangia chakula mwezi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza maziwa matupu, wa tatu maziwa na asali na samli, wa nne siagi, wa tano samli, na wa nane uji wa mchele uliopikwa kwa maziwa na kutiwa samli. (Mwenye kisukari cha mimba asiuige utaratibu huu, aende na ratiba ya kliniki yake.) Vitabu hivyo vinasema mwanamke ikifika mwezi wa nne ana mioyo miwili, wake na wa mtoto, na anapotamani kitu basi huenda mtoto ndiye anayetamani, kwa hiyo apewe kisipokuwa cha kumdhuru. Sisi tunasema mimba inachagua. Wao walimpa mtoto sauti.

Chumba cha uzazi kilitayarishwa mapema, na waliotakiwa kuwemo ni wanawake waliozaa mara nyingi, wapole, wanaompenda mzazi na wanaoijua kazi. Akishajifungua, tumbo linapakwa samli na mafuta, kisha linafungwa kwa nguo kubwa ndefu ili upepo usipate nafasi ya kuingia pale mtoto alipotoka. Halafu mzazi analindwa kwa chakula, kukandwa na kupumzishwa kwa muda wa mwezi mmoja na nusu.

Biarusi wangu, umeshaiona hiyo nguo? Wakati wa posa yako, katika orodha iliyosomwa, baada ya mahari huenda ulisikia neno mkaja. Vijana wengi wanadhani ni jina tu la bahasha ya mama. Mkaja ni ile nguo aliyojifunga mama yako tumboni alipokuzaa. Anapopewa mkaja siku ya kukuozesha anakumbukwa damu aliyoitoa na zile siku arubaini alizokandwa kwa maji ya moto. Sisemi kwamba tumelichukua jambo hili India. Kufunga tumbo la mzazi kunajulikana kwa watu wengi duniani, na mwili wa mwanamke unafundisha somo moja kila pahala. Kuhusu hizo siku, msichanganye mila na sharia. Arubaini ndiyo nifasi ya wanawake wengi, lakini damu ikikatika kabla ya hapo unaoga na unasali, na kwa madhehebu yetu ya Shafi nifasi inaweza kufika hadi siku sitini. Kupumzika kwa mwili ni jambo jengine, na hakumalizwi kwa kuoga.

Jambo moja la Charaka nataka nilikazie. Anapozungumzia maradhi ya kizazi anayataja ishirini, lakini katika mlango ule ule anaeleza pia kasoro za manii ya mwanamme. Mtoto akichelewa, tabibu alitakiwa atazame pande mbili. Nina shoga yangu aliyekaa miaka sita bila ya mtoto. Alinyweshwa mizizi, alifukizwa, alisukwasukwa tumbo na mwanamke mmoja mpaka akatokwa na damu, na mawifi walishaanza kumtafutia mwenza. Katika miaka yote sita hakuna hata mtu mmoja aliyesema mume apimwe. Alipokubali mwenyewe kwenda, kipimo kilichukua asubuhi moja, na tatizo lilikuwa kwake. Waliomtibu shoga yangu walisema wanatumia dawa za asili za wazee. Wazee wa Ayurveda wangewauliza mume yuko wapi.

Na hapa nawaomba tuwe macho, kwa sababu najua baadhi yenu mkishasoma habari hizi mtakwenda kutafuta vidonge vya Ayurveda vya kushika mimba. Dawa nyingi za Ayurveda ni za mimea, lakini karne nyingi baada ya Charaka matabibu walizidi kuingiza madini, zikiwemo zebaki na risasi zilizochomwa na kusagwa, wakiamini kwamba moto umezitoa sumu. Haukuzitoa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kupima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na karibu moja katika kila tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Na katika mji wa New York, mwaka 2011 na 2012, wajawazito sita walikutwa na sumu ya risasi mwilini baada ya kutumia dawa za Ayurveda kutoka India. Baadhi yao walizimeza kwa ajili ya kupata mtoto au kumlinda. Risasi inapita kutoka damu ya mama hadi kwa mtoto tumboni na inaumiza ubongo wake. Tangawizi, uwatu, mdalasini na manjano vya jikoni kwako unavijua. Kidonge kisichoandikwa kilichomo, hata kama muuzaji ni mcha Mungu na kifuniko kina picha ya ua la yungiyungi, hukijui.

Ayurveda ilifika kwa Waislamu zamani kuliko wengi wanavyodhani, na ilipofika kulikuwa na mwanamke ndani yake. Zama za khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia mwaka 786 hadi 809, waziri wake Yahya bin Khalid al-Barmaki alikuwa na shauku ya elimu ya Kihindi. Tabibu wa Kihindi aitwaye Manka alikuwepo Baghdad, na kwa amri ya Yahya alikifasiri kitabu cha Sushruta ili kitumike hospitalini. Charaka naye alifasiriwa, kwanza kwa Kiajemi kisha kwa Kiarabu. Hawakuona haya kusoma kwa wasiokuwa Waislamu. Dawa ilikuwa dawa.

Karibu miaka mia mbili baadaye, mwaka 377 Hijria, sawa na 987, mtu wa Baghdad aliyeishi kwa vitabu, Ibn al-Nadim, aliandika Fihrist, orodha ya vitabu vyote alivyovijua kwa Kiarabu. Katika fungu la vitabu vya tiba vya Wahindi, baada ya Sushruta na Charaka, anataja kitabu cha tiba ya wajawazito. Halafu anataja kitabu kingine, na mwenye kitabu safari hii ana jina la kike: Rusa al-Hindiyya, Rusa mwanamke wa Kihindi, katika tiba za wanawake.

Mtume wetu aliwasikia wanawake wa Kiansari wakimuuliza mambo ya hedhi na janaba, na Bi Aisha (r.a.) aliwasifu kwamba haya haikuwazuia kuijua dini yao. Watu waliolelewa juu ya sifa hiyo ndio walioona kitabu cha Rusa kinafaa kuingia katika Kiarabu. Ni kitabu cha mwanamke asiyekuwa wa dini yao, kuhusu maradhi ya mahala pasipotajwa, kikiwa rafu moja na vya mabingwa wanaume.

Kitabu chenyewe kimepotea. Hatuna jani lake hata moja, hatujui Rusa alizaliwa mji gani wala aliwatibu akina nani, wala kama naye aliletewa barua. Wataalamu hawakubaliani hata kwamba jina lake lilitamkwa vipi kwao India. Kilichobaki ni ule mstari mmoja wa Ibn al-Nadim, ambaye kwa waganga wengi wa fungu lile hakuandika zaidi ya jina na kazi, na kwake yeye aliona hayo yanatosha: Rusa, tiba za wanawake.